Kusoma chati ya dakika za simu: ya Uingereza 1995 hadi 2002, kisha za kwetu Tanzania na Kenya

Chati ya simu za Uingereza kati ya 1995 na 2002 imewatoa jasho wengi wanaojiandaa kwa IELTS, mtihani wa lugha ya Kiingereza, na si kwa sababu ni ngumu. Ni nyepesi kupita kiasi. Ina nguzo 24: miaka minane, kila mwaka nguzo tatu. Ya kwanza ni simu za mezani za ndani ya eneo moja. Ya pili ni simu za mezani za masafa marefu, yaani za mji kwa mji na za nje ya nchi zikiwa zimejumlishwa. Ya tatu ni simu zote za mkononi. Mhimili wa wima unahesabu dakika kwa mabilioni. Basi. Mtu anaitazama nusu dakika, anajisemea kuwa simu za mkononi zimepanda, anaanza kuandika, na kufikia mstari wa sita amekwama. Hana tena la kusema isipokuwa kusoma nguzo moja baada ya nyingine mpaka ziishe.

Dawa yake ni kuanza na kipimo kabla ya kuangalia kipi kirefu na kipi kifupi. Chati hii haihesabu watu. Haihesabu simu ngapi zilipigwa, wala laini, wala fedha. Inahesabu dakika. Kwa hiyo sentensi kama "watu wengi zaidi walianza kutumia simu za mkononi" haina ushahidi ndani ya chati, hata kama kila aliyekuwa hai miaka ile anajua kuwa ni kweli. Dakika zinaweza kuongezeka kwa watu walewale kuongea zaidi. Vilevile huwezi kuandika kuwa "idadi ya simu ilipungua", maana simu kumi za dakika moja na simu moja ya dakika kumi zinalingana kwenye nguzo. Maneno salama ni "muda wa maongezi", "dakika zilizotumika", "muda uliotumika kwenye simu". Kosa hili hutokea kwenye sentensi ya kwanza kabisa ya maelezo, na likishaingia pale linarudi kila aya, kwa sababu mwandishi ameshajiaminisha kuwa anaongelea watu.

Cha pili ni mipaka ya makundi. Kundi la kati limechanganya simu za mji kwa mji na za kimataifa, hivyo hakuna namna ya kujua ni zipi kati ya hizo zilizokua. Ukiandika kuwa simu za kimataifa ziliongezeka, umetunga. Na tofauti ya "eneo moja" na "masafa marefu" inahitaji kueleweka vizuri, hasa kwa msomaji aliyekulia kwenye simu ya mkononi ambaye bei ya kupiga Mwanza na Kariakoo kwake ni ileile. Kwenye simu ya mezani umbali ulikuwa fedha. Simu ya ndani ya eneo la malipo ilikuwa na bei yake, na ya kutoka London kwenda Manchester ilikuwa na bei nyingine. Waliowahi kutumia simu za mezani za TTCL wanaukumbuka mfumo huu kupitia namba za mikoa: 022 Dar es Salaam, 024 Zanzibar, 026 Dodoma, 028 Mwanza. Ukielewa kuwa makundi mawili ya kwanza ni kifaa kilekile kilichogawanywa kwa umbali, na la tatu ni kifaa kingine kabisa kisichojali umbali, chati inaanza kusema kitu.

Sasa namba. Kati ya nguzo 24, zinazohitajika hazizidi kumi. Chukua mwanzo na mwisho wa kila kundi, kilele kama kipo, na mahali mwendo ulipobadilika. Hapa zinatoka hivi: simu za eneo moja zilianza na dakika bilioni 72 mwaka 1995, zikakaribia bilioni 90 mwaka 1998, zikafika 90 mwaka 1999, kisha zikateremka hadi 72 mwaka 2002. Simu za masafa marefu zilitoka bilioni 38 hadi 61, na ukuaji wao ulipungua kasi miaka miwili ya mwisho. Simu za mkononi zilianza karibu na sakafu, chini ya bilioni 5, zikawa kama 15 mwaka 1999, zikamaliza kwenye 46. Nguzo zilizobaki kazi yake ni kukuthibitishia kuwa katikati hakuna kilichoruka. Hakuna anayekudai uzitaje.

Ukishapata namba hizi, zitoe. Kutoa kwa kawaida, hesabu ya darasa la pili. Mwaka 1995 pengo kati ya simu za eneo moja na za masafa marefu lilikuwa 72 kutoa 38, yaani dakika bilioni 34. Mwaka 2002 ni 72 kutoa 61, bilioni 11. Pengo kati ya simu za eneo moja na za mkononi lilikuwa karibu bilioni 70, likawa 26. Habari kubwa ya chati nzima ni hiyo: wa kwanza hakupokonywa nafasi mwaka wowote, lakini waliokuwa mbali nyuma yake wamemkaribia. Namba za 1995 na 2002 za simu za eneo moja ni sawasawa, 72 na 72, na aliyeangalia kundi hilo peke yake ataandika kuwa hakuna kilichobadilika. Ukijumlisha makundi yote, hata hivyo, 1995 inakupa takribani dakika bilioni 113 na 2002 inakupa 179. Zile 72 za mwanzo zilikuwa karibu theluthi mbili ya maongezi yote ya nchi. Zile 72 za mwisho ni asilimia 40 tu.

Hesabu ya asilimia ndiyo inayowaumbua wengi, hata wenye shahada. Simu za eneo moja zilipanda kutoka 72 hadi 90, ongezeko la 18. Gawanya kwa 72, unapata asilimia 25. Kisha zikashuka kutoka 90 hadi 72, punguzo la 18 lilelile. Gawanya kwa 90, unapata asilimia 20. Mtu anaona 25 na 20, anaandika kuwa kushuka kulikuwa kudogo kuliko kupanda, wakati nguzo zimerudi pale pale zilipoanzia. Kwa kundi lililopanda na kushuka, tumia dakika zenyewe na uache asilimia.

Kupanda mara tatu nako kuna mtego. Kutoka karibu 15 hadi 46 ni kufika mara tatu ya ilivyokuwa. Kwa asilimia, ongezeko ni kama 200, si 300, kwa kuwa mia ya kwanza ulikuwa nayo tayari. "Maradufu" ni mara mbili kamili na haifai kutumika kama pambo la "sana".

Kisha kuna nguzo fupi. Nguzo ya simu za mkononi ya 1995 ni fupi kiasi kwamba kwa jicho huwezi kusema kwa hakika kama ni bilioni 2 au 3. Kwa nguzo ya 72, kukosea kwa bilioni moja hakuna madhara. Kwa nguzo hii, ukisoma 2 unapata ongezeko la mara 23, na ukisoma 3 unapata mara 15. Upana wa mstari wa penseli umebadilisha habari yote. Ndiyo maana kwa kitu kilichoanzia karibu na sifuri ni bora kuandika "kutoka chini ya bilioni 5 hadi 46" na kuiacha mara-ngapi ipumzike. Ukitaka kutumia "mara", itumie kuanzia 1999, ambapo nguzo ina urefu wa kutosha kusomeka.

Na miaka: kuanzia 1995 hadi 2002 ni miaka minane ya takwimu, lakini hatua ni saba. Wastani wa ongezeko la simu za masafa marefu ni 23 gawanya kwa 7, yaani dakika bilioni 3.3 kwa mwaka. Anayegawanya kwa nane anapata 2.9, na kosa hilo halionekani kwa macho mpaka mtu mwingine arudie hesabu.

Mpangilio wa aya una ubishi. Walimu wengi hufundisha kundi kwa kundi: aya ya simu za eneo moja, aya ya masafa marefu, aya ya mkononi. Inafanya kazi, na ni salama kwa mtu mwenye wasiwasi. Ubaya wake ni kwamba kila aya inarudi mwaka 1995 na kuanza upya, na msomaji ndiye anayeachiwa kazi ya kulinganisha. Mwaka kwa mwaka ni mbaya zaidi. Unaishia na vishazi 24 vinavyofuatana. Kwa chati hii hasa, ninaona kuigawa kwa wakati ndiyo njia bora, kwa sababu mwaka 1999 ni mgongo wake. Kabla ya hapo makundi yote matatu yanapanda. Baada ya hapo moja linashuka, moja linapunguza kasi, moja linapaa. Mgawanyo huo umo ndani ya chati yenyewe, hukuulazimisha.

Maelezo mafupi yanaweza kuwa hivi:

"Chati inaonyesha muda uliotumika kuongea kwa simu nchini Uingereza kuanzia 1995 hadi 2002, kwa mabilioni ya dakika, katika makundi matatu. Kwa jumla, simu za mezani za eneo moja ziliongoza miaka yote, lakini pengo kati yake na makundi mengine mawili lilipungua sana kufikia mwisho wa kipindi.

Hadi 1999 makundi yote yalipanda. Simu za eneo moja zilitoka dakika bilioni 72 zikafika kileleni kwenye bilioni 90, huku za masafa marefu zikikua taratibu kutoka bilioni 38. Simu za mkononi zilianza chini ya bilioni 5 na, japo zilipanda kila mwaka, mwaka huo zilikuwa bado kama bilioni 15 tu.

Baada ya hapo ziliachana. Simu za eneo moja zilirudi bilioni 72, kiwango kilekile cha mwanzo. Za masafa marefu ziliendelea kuongezeka hadi bilioni 61, ingawa kasi ilipungua miaka miwili ya mwisho. Dakika za simu za mkononi zilikuwa mara tatu ndani ya miaka mitatu na kufika bilioni 46, pungufu ya zile za masafa marefu kwa bilioni 15."

Angalia namba zilizotumika: kumi hazifiki. Hakuna sababu iliyotolewa na hakuna utabiri. Sentensi ya "kwa jumla" haina tarakimu hata moja, na hiyo ni makusudi. Kazi yake ni kusema sura ya chati. Mtihanini sentensi hii ikikosekana alama zinashuka hata kama namba zote ni sahihi, maana mtahini anatafuta kama umeona jambo kuu au umenakili tu. Muda unaoshauriwa kwa swali hili ni dakika 20, na maneno yasipungue 150 ya Kiingereza. Swali la pili, la insha, lina uzito mara mbili ya hili, hivyo anayetumia dakika 30 kwenye chati anajiibia mwenyewe. Mgawanyo unaofaa ni dakika nne za kusoma chati bila kuandika chochote isipokuwa namba pembeni, mbili za kuamua mpangilio, kumi na mbili za kuandika, mbili za kurudia kipimo na miaka. Wengi wanaruka zile nne za kwanza wakidhani wanaokoa muda. Wanazilipa katikati, wanapofuta aya.

Kitenzi nacho kipimwe. Kushuka kwa asilimia 20 ndani ya miaka mitatu si kuporomoka. Kuporomoka ni kwa kitu kilichoanguka ghafla. Zile 72 hadi 90 kwa miaka minne zilipanda kwa utulivu. Kitenzi kikubwa kuliko nguzo kinamfanya msomaji aiangalie nguzo na kukushuku.

Sasa swali la sababu, ambalo ndilo linalotenganisha mtihani na kazi halisi. Mtihanini sababu hazitakiwi, na kuzitaja kunakula maneno yako. Kwenye ripoti ya ofisi au makala ya gazeti, kuacha sababu ni kumwacha msomaji njiani. Kwa Uingereza ya miaka ile kuna mambo yanayojulikana wazi. Kampuni za simu za mkononi ziliongezeka kutoka mbili hadi nne, One2One ilipoingia 1993 na Orange 1994. Huduma ya kulipia kabla, bila mkataba, ilienea kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1990. Kwa upande wa mezani, watu waliunganisha intaneti kwa kupiga simu kupitia modemu, na kampuni ya intaneti ya Freeserve ilipoanza Septemba 1998 ikatoa huduma bila ada ya mwezi, mtumiaji akilipia dakika za simu tu. Mwaka 2000 kampuni ya simu ya BT ilianza kuuza intaneti ya ADSL, ambayo haili dakika.

Mambo haya yanalingana na kilele cha 1999 vizuri mno, na hapo ndipo pa kuwa mwangalifu. Chati haisemi kama dakika za modemu zimehesabiwa ndani ya simu za eneo moja. Kwa hiyo kwenye ripoti utaandika kuwa kilele kiliangukia miaka ileile ambayo intaneti ya kupiga simu ilienea, na utaweka nukta. Neno "kwa sababu" lisubiri jedwali linalotenganisha dakika za intaneti na dakika za maongezi. Mwandishi anayejua historia ndiye aliye hatarini zaidi kuliko asiyejua, kwa kuwa sababu zinamjia zenyewe na zote zinaonekana kufaa.

Ujuzi huu unahamia moja kwa moja kwenye takwimu za kwetu, isipokuwa vikwazo vinabadilika. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hutoa takwimu kila robo mwaka. Simu za mezani ni kidogo mno kiasi kwamba zikiwekwa kwenye chati moja na za mkononi nguzo zake hazionekani. Mgawanyo wenye maana ni simu za ndani ya mtandao mmoja, za kwenda mtandao mwingine, na za kimataifa. Hapa kuna makosa ambayo chati ya Uingereza haikufundishi.

La kwanza ni kalenda. Januari hadi Machi ni siku 90, au 91 mwaka mrefu. Julai hadi Septemba ni siku 92, na Oktoba hadi Desemba pia 92. Kutoka siku 92 hadi 90 ni pungufu ya asilimia 2.2. Kwa hiyo dakika zikishuka kwa asilimia 2 kati ya robo inayoishia Desemba na inayoishia Machi, hakuna kilichoshuka. Siku ndizo zilizopungua. Ongeza kwamba Desemba ina sikukuu na watu wanapigiana simu zaidi. Linganisha robo na robo kama hiyo ya mwaka uliopita, au gawanya kila robo kwa siku zake kwanza.

La pili ni kuhesabu mara mbili. Simu inayotoka mtandao A kwenda B huandikwa A kama inayotoka na B kama inayoingia. Ukijumlisha safu zote mbili umeihesabu dakika moja kama mbili. Kwa trafiki ya ndani ya nchi, chukua zinazotoka peke yake. Kwa za kimataifa ziache mbalimbali, maana zinazoingia na zinazotoka zina watu tofauti na mwenendo tofauti.

La tatu, na ndilo linaloharibu ripoti nyingi, ni laini na watu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7 Tanzania, na mwishoni mwa 2023 laini zilikuwa zimevuka milioni 70. Watoto wachanga hawana laini, hivyo ni wazi wapo watu wengi wenye mbili au tatu. Laini inahesabika kuwa hai ikitumika angalau mara moja ndani ya miezi mitatu. Laini iliyopokea simu moja ya mjomba tangu Pasaka ina uzito sawa na ya dalali wa Kariakoo. Mtu akigawanya dakika kwa laini anapata wastani wa laini, si wa mtu. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, robo ina dakika bilioni 30 na laini milioni 60: hiyo ni dakika 500 kwa laini kwa robo, takribani 167 kwa mwezi. Ukiandika "Mtanzania wa kawaida huongea dakika 167 kwa mwezi" umekosea mara mbili, kwa kuwa laini si mtu na kwa kuwa wastani haumwoni mtu wa kawaida pale ambapo wachache wanaongea sana.

Wastani huo unaweza pia kupanda bila mtu yeyote kuongea zaidi. Tanzania ilizima laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole baada ya muda wa mwisho wa 20 Januari 2020. Laini zikipungua na dakika zikabaki palepale, dakika kwa kila laini zinapanda kwenye karatasi. Kabla ya kutangaza kuwa watu wanaongea zaidi, angalia kama idadi ya laini unayogawanyia haikukatwa.

Kisha kuna sera, ambazo kwenye chati zinaonekana kama kona kali. Gharama za mwingiliano wa mitandao Tanzania, yaani anacholipa mtandao mmoja kwa mwingine kumalizia simu, zilikuwa shilingi 26.96 kwa dakika mwaka 2017. Zikawa 15.60 mwaka 2018, 10.40 mwaka 2019, 5.20 mwaka 2020, 2.60 mwaka 2021 na 2.00 mwaka 2022. Kenya ilikaa kwenye senti 99 kwa miaka, ikashuka hadi senti 58 Agosti 2022 na senti 41 Machi 2024. Gharama hizi zikiwa juu, kampuni huuza vifurushi vya ndani ya mtandao wake kwa bei ya chini na kuweka ukuta kwa simu za kwenda mitandao mingine, na mteja anabeba laini tatu ili aruke kuta hizo. Zikishuka, kampuni inaweza kuuza kifurushi cha mitandao yote. Mwandishi anayechora sehemu ya simu za kwenda mtandao mwingine bila kuweka alama ya miaka hii pembeni anamwachia msomaji mabadiliko yasiyo na chanzo. Weka mstari wa wima mwembamba kwenye tarehe ya sera na uandike tu kilichotokea. Tahadhari ileile ya kilele cha 1999 inabaki: umeonyesha kuwa vimetokea pamoja.

Vifurushi vyenyewe vina jambo lake. Dakika ya bure ya usiku wa manane na dakika iliyolipiwa mchana ni dakika moja kila moja. Dakika zinaweza kupaa na mapato yakashuka. Anayetaka kuzungumzia biashara ya kampuni atafute chati ya mapato, asiikamue ya dakika.

Kwa simu za kimataifa, usiamini kushuka mpaka umejiuliza dakika zimehamia wapi. WhatsApp ilianza kubeba simu za sauti mwaka 2015, na simu hizo zinahesabiwa kama data, hazimo kwenye safu ya dakika hata moja. Mama wa Tandika anayeongea na mwanawe Muscat kila jioni hayumo kwenye chati. Kuna pia wanaopitisha simu za nje kwa mashine zenye laini nyingi za ndani ili zionekane kama simu za kawaida za nchini. Dakika zile hazipotei, zinabadilisha kundi, na Tanzania ilifunga mfumo wa kusimamia trafiki ya simu mwaka 2013 kwa sababu kama hizo. Bei nazo hufanya kazi yake. Mpango wa mtandao mmoja wa Afrika Mashariki ulioanza mwishoni mwa 2014 kati ya Kenya, Uganda na Rwanda ulishusha bei za simu kati ya nchi hizo, na chati ya simu za kimataifa ya Kenya inayopita mwaka huo bila maelezo itasomwa vibaya.

Mchoro wenyewe pia uchunguzwe. Mhimili wa nguzo lazima uanzie sifuri, maana jicho linasoma urefu wote wa nguzo. Ukianzia bilioni 25 na nguzo zikawa 28 na 30, ya pili itaonekana ndefu karibu mara mbili ilhali tofauti ni asilimia 7. Chati ya mstari inaruhusiwa kuanzia juu ya sifuri, mradi uandike wazi. Mihimili miwili ya wima, dakika kushoto na laini kulia, ikwepe kabisa. Mistari itakutana mahali fulani kwa uchaguzi wa mchoraji tu, na msomaji atadhani kukutana huko ni tukio.

Mwisho, ukiweka Tanzania na Kenya kwenye chati moja, andika miezi badala ya "robo ya kwanza". Kenya hutumia mwaka wa fedha, hivyo robo yake ya kwanza ni Julai hadi Septemba. Ripoti za TCRA huandikwa kwa mwezi wa kumalizia robo. Aliyelinganisha robo za kwanza kwa jina tu ameweka Julai ya Nairobi kando ya Januari ya Dodoma, na tofauti atakayoieleza kwa aya mbili ni ya kalenda tupu. Ripoti mpya ikitoka, chukua pia namba za robo zilizopita kutoka ndani yake, kwa kuwa hurekebishwa, na andika chini ya chati ni toleo la mwezi gani ulilotumia.